Jina la Timu ni Sare ya Pili

Katika mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia Kashikishi hadi Nchelenge, katika Jimbo la Luapula nchini Zambia, wavuvi humfahamu vema tai mla samaki. Ndege huyo mwenye kichwa cheupe hukaa juu ya mti akiyatazama maji, hutoa sauti inayosikika mbali, kisha hushuka ghafula na kunyakua samaki. Ndiye aliyewekwa katika bendera ya Zambia iliyopandishwa siku ya uhuru, tarehe 24 Oktoba, 1964. Kwa Kinyanja, lugha iliyotumika kwa muda mrefu katika jeshi na polisi wa nchi hiyo, tai huyo huitwa Nkwazi. Na Nkwazi ndilo jina la timu ya mpira wa miguu ya polisi wa Zambia.

Wako wanaodhani kwamba jina la timu na nembo yake ni mapambo tu. Kwa askari, mawazo hayo si sahihi. Raia hukutana na vyombo vya ulinzi na usalama katika mahali pawili hasa. Pa kwanza ni barabarani au mpakani, anapoulizwa kitambulisho. Pa pili ni uwanjani, anapokwenda kutazama mpira. Pale pa kwanza hufika kwa kuwa hana budi. Pale pa pili hufika kwa hiari yake, tena kwa kulipa kiingilio. Kwa hiyo jina lililoandikwa kifuani mwa mchezaji ni sare ya pili ya askari.

Zambia ina mifano mingi ya majina hayo. Jeshi la nchi kavu lina Green Buffaloes, yaani Nyati wa Kijani, waliotwaa ubingwa wa nchi mara sita kati ya mwaka 1973 na 1981. Jeshi la anga lina Red Arrows, yaani Mishale Myekundu, ambao Julai 2024 walitwaa Kombe la Kagame mjini Dar es Salaam kwa kuishinda kwa penalti APR, timu ya jeshi la Rwanda. Askari wa magereza wana Chui wao mjini Kabwe. Kenya ilifuata njia nyingine: timu ya jeshi lake huitwa Ulinzi Stars. Nyati na chui huonyesha nguvu. Neno ulinzi huonyesha nguvu hiyo ni ya kazi gani.

Suala hili haliwahusu wanajeshi wa Afrika peke yao. Huko Marekani umeenea mchezo uitwao gofu ya visahani, ambapo mchezaji hurusha kisahani cha plastiki hadi kiingie katika kikapu chenye minyororo. Uwanja wake wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa California mwaka 1975, na chama chake kikaundwa mwaka 1976. Kila aina ya kisahani hupewa jina, na wengi huchora picha juu yake. Viko vyenye majina ya ndege, kama tai. Lakini kampuni moja ya jimbo la Kansas, Dynamic Discs, ilichukua majina yake kutoka mahakamani na gerezani: Sherifu, Jaji, Shahidi, Mfungwa, Mhalifu, Mtoro. Vingine huchorwa mafuvu na mazimwi. Mchezaji huona katika picha hizo mzaha na fahari. Hata hivyo mchezo huo huchezwa zaidi katika bustani za umma, mbele ya wazazi na watoto wao, na mpita njia asiyeujua huanza kuuhukumu kwa kile anachokiona juu ya kisahani.

Je, ina maana kwamba jina kali ni jina baya? Hapana. Timu ya taifa ya Zambia iliitwa KK 11, kwa heshima ya Rais Kenneth Kaunda, na baada ya mwaka 1991 ikajulikana kwa jina la Chipolopolo, yaani risasi za shaba. Tarehe 27 Aprili, 1993, ndege ya jeshi la anga iliyowachukua wachezaji wake ilianguka baharini karibu na Gabon, na watu wote 30 waliokuwamo wakafariki dunia. Mwezi Februari 2012, katika Gabon hiyo hiyo, Zambia ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Risasi ni chombo cha kuogofya, lakini jina hilo lilipendwa na taifa zima kwa sababu ya waliolibeba. Matendo ndiyo yaliyolipa jina maana.

Na jina jema nalo halijitoshelezi. Polisi wa Zambia walibadilishiwa jina katika miaka ya 1990, wakaacha kuitwa jeshi wakawa huduma. Mwaka 2016 magereza nayo yakawa huduma ya urekebishaji, ingawa timu ya Kabwe iliendelea kuitwa Prison Leopards. Kibao cha ofisi hubadilishwa kwa siku moja. Mazoea ya mlinda mlango huchukua miaka.

Nchelenge ndipo penye mtihani wenyewe. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi husimamishwa katika Ziwa Mweru ili samaki wazaane. Askari anayekamata nyavu humkuta mtu ambaye ziwa ndilo shamba lake. Tena, kuanzia mwaka 2017, maelfu ya wananchi wa Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, waliingia wilaya hiyo wakikimbia mapigano, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa kwa ajili yao. Wengi walikuwa wamekimbia watu wenye bunduki. Mtu wa kwanza kuwapokea mpakani alikuwa, mara nyingi, mwingine aliyevaa sare.

Mama aliyevuka akiwa na mtoto mgongoni hajui timu ya polisi inaitwaje, wala hajali. Atajua tu kama aliombwa karatasi au aliombwa fedha, kama alisemeshwa au alikemewa. Siku mwanawe atakapoingia uwanjani na kusikia jina la Nkwazi likishangiliwa, ataamua kushangilia au kunyamaza kwa kukumbuka siku ile. Askari wa mpakani, bila kugusa mpira, naye anaichezea timu hiyo.