Ufunguo Ukishakuwa kwa Mwingine

Mteja wangu mmoja aliuza duka lake la spea pale Gerezani, Kariakoo, kwa bei ambayo mimi mhasibu wake niliisifu. Mnunuzi alilipia mzigo wote uliokuwa rafuni, akalipa na kilemba cha fremu. Nikafunga hesabu, nikajua kazi yangu imekwisha. Wiki ya tatu mkewe akanipigia simu: mzee anatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kavaa shati lake la dukani, na hasemi anakwenda wapi.

Nilimkuta kwenye benchi la muuza kahawa, ng'ambo ya barabara, akilitazama duka lililokuwa lake na kuhesabu wateja wanaoingia.

"Mpaka saa hizi kumi na wawili tu," akaniambia. "Mimi ningeshamaliza boksi zima la plagi."

Mkewe naye alikuwa na lake. "Mwanangu, mtafutie baba yako hata geti la kufungua na kufunga. Siku akishinda nyumbani ananihesabia vitunguu."

Tangu hapo, mtu akija kuniuliza duka lake lina thamani gani, nami namuuliza: siku ya kwanza baada ya kuuza, saa moja asubuhi, utakuwa wapi? Wengi hucheka, kisha hunyamaza.

Mwajiriwa huijua tarehe yake ya kustaafu mapema, akapewa barua, na siku ya kuagwa pengine akapewa na mabati. Mwenye biashara hana wa kumwandikia barua. Lakini neno tunalo, nalo ni kung'atuka, ambalo Mwalimu Nyerere alilitoa kwenye Kizanaki akalieneza nchi nzima. Aliacha urais mwaka 1985, uenyekiti wa CCM akabaki nao hadi 1990. Siasa yake nawaachia wenyewe. Mimi natazama mpangilio. Aliachia mkono mmoja, baada ya miaka mitano akaachia wa pili, na Butiama shamba lilikuwa linamngoja. Alipofariki Oktoba 1999 alikuwa bado msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi.

Sasa fedha. Kwa ninavyoona, shida kubwa ya mwenye duka anayeondoka ni kutojua yeye mwenyewe anakula kiasi gani. Mafuta ya gari yanatoka kwenye droo. Vocha, Luku, ada ya mtoto wa mwisho, mchango wa harusi ya jirani, vyote droo. Kijana anayebeba maboksi ndiye anayeosha gari Jumamosi, na mlinzi wa duka ndiye anayetumwa sokoni. Siku duka likiondoka, gharama zote hizo zinahamia nyumbani kwa pamoja, na hakuna aliyewahi kuziandika. Kwa hiyo dawa yangu ya kwanza ni chungu: kwa miezi sita kabla ya kuuza, jilipe mshahara mmoja, tarehe moja, na kila kitu cha nyumbani kitoke humo. Ukifika mwezi wa pili hujagusa droo, wewe ni shujaa.

Kuna na jambo la mwendo wa pesa. Mtu aliyeshika noti kila jioni kwa miaka thelathini, leo unamwambia anunue hati fungani za serikali, ambazo hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Uwekezaji ni mzuri, ila kufikia mwezi wa tatu mwenyewe hana usingizi, anaona kama ameibiwa. Ndipo hununua bajaji tatu, au banda la kuku wa mayai, ili mradi jioni kuwe na kitu cha kuhesabu. Mimi huwaomba wateja wangu mwaka wa kwanza wasinunue chochote chenye matairi wala manyoya. Sehemu ya fedha iwekwe kwenye vipande vya mifuko ya UTT AMIS, ambavyo unaweza kuviuza ukapata pesa pale unapohitaji, na kila mwezi utoe kiasi kilekile ulichojizoesha kujilipa.

Kuhusu pensheni, hesabu ni fupi. Pensheni ya uzee ya NSSF inataka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Aliyejiandikisha kwa hiari akiwa na miaka 45, asiporuka mwezi, anatimiza akiwa na 60. Ukianza na 55 utakuwa unachangia hadi 70.

Makaratasi pia yasikupite. Mashine ya EFD na TIN viko kwa jina lako. Ukimwachia mnunuzi aendelee kuvitumia, kodi yake itabisha hodi kwako. Na madeni ya mali kauli yakusanywe kabla hujaondoka, maana aliyechukua mzigo kwa neno lako hatajiona anadaiwa na mgeni.

Kitu ambacho watu hawakitarajii kabisa ni simu. Namba wanayoijua wateja ndiyo hiyohiyo wanayoijua shemeji zako, nayo laini imesajiliwa kwa alama zako za vidole. Biashara itafute laini yake mapema, ihamishwe kisheria wakati wa kuuza, na wewe ubaki na yako. Kisha jiandae, maana yako haitalia. Aliyekuwa akipigiwa mara arobaini kwa siku atapigiwa mara mbili, na moja itakuwa ya kuombwa mchango.

Mzee wa Gerezani alitoka benchi baada ya mnunuzi mwenyewe kuvuka barabara kumfuata. Vijana wake walikuwa wameuziwa beringi feki, na mzee huzitambua kwa kuzizungusha kidoleni tu. Siku hizi huenda Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi adhuhuri, kuwafundisha. Halipwi ila kahawa. Lakini mpangilio huo ulipaswa kuandikwa kwenye mkataba wa mauzo, na mimi sikuufikiria.

Wewe unayesoma, kama umeshapita hamsini na ufunguo wa duka bado unalala chini ya mto wako, kesho mpe mwingine afungue. Fika saa nne, ukiwa umeshakunywa chai nyumbani.