Stadi za data nchini Tanzania

Stadi za data ni uwezo wa kukusanya taarifa, kuziandika kwa utaratibu, kuzikagua, kuzichambua na kueleza maana yake kwa watu wanaopaswa kuzitumia. Nchini Tanzania stadi hizo zinahitajika kwa watakwimu na wataalamu wa kompyuta, lakini pia kwa wauguzi, walimu, maafisa ugani, watendaji wa vijiji na makarani wa vyama vya ushirika. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya mwanafunzi au mfanyakazi kwa kazi za data hayaanzi kwenye kompyuta. Huanza kwenye daftari, kwa hesabu za kawaida na uangalifu wa kuandika kile kilichoonekana.

== Safari ya data kutoka kijijini ==

Mfano unaojulikana ni MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanza kutumika nchini katika miaka ya 1990. Katika zahanati ya kata ya mashambani, kama vile Kang'ata katika Wilaya ya Handeni, Mkoa wa Tanga, kila mgonjwa huandikwa kwenye rejista: tarehe, umri, jinsia, ugonjwa na matibabu aliyopewa. Mwisho wa mwezi mhudumu hujumlisha rejista na kujaza fomu ya muhtasari. Takwimu hizo hufika wilayani na kuingizwa katika DHIS2, programu iliyoendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei na inayotumiwa na nchi nyingi za Afrika. Kutoka hapo mkoa na wizara huweza kuziona.

Katika safari hiyo kosa la mwanzo husafiri hadi mwisho. Mtoto akiandikwa umri "9" bila kutaja miezi au miaka, anaweza kutolewa katika hesabu ya watoto wa chini ya miaka 5. Nafasi iliyoachwa wazi nayo ina utata: huenda hapakuwa na mgonjwa, au huenda hakuna aliyehesabu. Mhudumu aliyefundishwa huandika sifuri pale ambapo idadi ni sifuri. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kurudisha taarifa ambayo haikuandikwa.

== Hesabu zinazohitajika ==

Sehemu kubwa ya uchambuzi wa kila siku hutumia hesabu za sekondari: asilimia, uwiano, wastani na kusoma grafu. Tofauti kati ya idadi na kiwango ndiyo inayowapotosha wengi. Tuseme zahanati moja imepima watu 200 na kukuta 40 wana malaria, na nyingine imepima watu 60 na kukuta 30. Ya kwanza ina wagonjwa wengi zaidi, lakini kiwango chake ni asilimia 20, ilhali cha pili ni asilimia 50. Anayepanga kupeleka dawa anahitaji kujua idadi; anayetafuta mahali ambapo ugonjwa umeenea zaidi anahitaji kujua kiwango, na pia kuuliza ni watu gani waliopimwa.

Sensa hutoa mfano mwingine. Mwaka 2012 Tanzania ilikuwa na watu 44,928,923, na mwaka 2022 ilikuwa na watu 61,741,120. Ongezeko ni watu 16,812,197, sawa na asilimia 37.4 kwa miaka 10. Mtu akigawanya kwa 10 atapata asilimia 3.7 kwa mwaka, jibu ambalo si sahihi. Watu wanaoongezeka mwaka huu nao huzaa miaka inayofuata, kama fedha zinazopata riba juu ya riba. Kwa hiyo kiwango halisi cha ongezeko kwa mwaka ni asilimia 3.2.

== Matumizi ya data katika maisha ya watu ==

Mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada (IDRC) kuanzia miaka ya 1990, ulifanya kazi katika wilaya za Rufiji na Morogoro. Watu walitembelea kaya na kuandika vifo na sababu zake. Takwimu zilionyesha kwamba bajeti ya afya haikulingana na magonjwa yaliyokuwa yakiua watu: malaria ilisababisha takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilipewa asilimia 5 tu ya bajeti. Viongozi wa afya wa wilaya walipopanga upya matumizi na kuimarisha matibabu ya watoto, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache.

Huko Korogwe, wilaya jirani ya Handeni, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ilishiriki katika jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Korogwe na Bagamoyo vilikuwa vituo viwili vya Tanzania kati ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, na zaidi ya watoto 15,000 walifuatiliwa. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi 4, chanjo ilipunguza malaria kwa takriban asilimia 36 katika muda wa miaka 4 hivi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike kwa watoto. Jibu hilo lilitegemea madaktari na wanasayansi, na vilevile makarani wa data waliohakikisha kwamba kumbukumbu za mtoto mmoja hazichanganywi na za mwingine.

Sensa ya 23 Agosti 2022 ilitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Baadaye vishikwambi hivyo viligawiwa walimu. Katika Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa kuchora ramani za maeneo yanayokumbwa na mafuriko.

== Mafunzo ==

Shuleni, mada ya takwimu hufundishwa ndani ya somo la Hisabati. Jiografia na Biolojia pia hutumia majedwali na grafu. Mwanafunzi anaweza kufanya zoezi kamili bila kompyuta: kupima mvua kila siku kwa muhula mmoja, kuandika bei ya debe la mahindi kila siku ya gulio, au kuhesabu mahudhurio ya darasa, kisha kuchora grafu na kueleza anachokiona. Baada ya hapo lahajedwali humsaidia kufanya haraka jambo ambalo tayari analielewa.

Kwa elimu ya juu, Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika (EASTC) kilichopo Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1965 ili kuandaa watakwimu wa nchi za Afrika. Kinatoa mafunzo kuanzia ngazi ya cheti. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma pia hufundisha takwimu na sayansi ya kompyuta. Wahitimu huajiriwa kama watakwimu, wachambuzi wa data, wataalamu wa ramani au maafisa wa ufuatiliaji na tathmini.

Wafanyakazi walio kazini hujifunza zaidi kwa semina fupi na usimamizi elekezi. Mafunzo haya huleta faida pale msimamizi anaporudisha matokeo kwa waliokusanya taarifa. Mhudumu anayeona grafu ya zahanati yake hupata sababu ya kujaza rejista vizuri. Asiyeona chochote huichukulia fomu kama mzigo.

== Sheria na maadili ==

Shughuli za takwimu rasmi husimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu chini ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kukusanya na kutunza taarifa za watu. Karani anapaswa kujua kwamba jina la mgonjwa au kipato cha kaya si habari ya kusimulia sokoni. Katika kijiji ambako watu wote wanafahamiana, hata umri na kitongoji vinaweza kutosha kumtambulisha mtu ambaye jina lake limefutwa.

== Changamoto ==

Kikwazo cha kwanza ni Hisabati: kwa miaka mingi watahiniwa wengi wa kidato cha nne wamekuwa wakishindwa somo hilo. Upungufu wa walimu, umeme na kompyuta katika shule za vijijini huongeza tatizo. Lugha nayo ni kizuizi, kwa kuwa rejista na madodoso mengi hujazwa kwa maelezo ya Kiswahili, huku programu na vitabu vingi vya uchambuzi vikiwa kwa Kiingereza. Mwisho, mhudumu wa zahanati ndogo hutibu wagonjwa na kujaza rejista kwa wakati mmoja. Foleni inapokuwa ndefu, kinachoachwa kwanza ni kuandika.