Watu wa Taka wa Mji wa Kairo

Kopo la maziwa likiisha kazi yake hutupwa jaani. Fundi wa bati huliokota, akalikata, akalitia utambi na mkono wa kushikia, likawa koroboi, akaliuza sokoni. Mali aliyoanza nayo ni taka ya mtu mwingine. Huko Kairo, mji mkuu wa Misri, kazi ya namna hii imekuwa riziki ya mitaa mizima.

Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa chemchemi za jangwani, upande wa magharibi, walikuja Kairo wakaanza kuchukua taka za nyumba kwa ujira. Katika miaka ya 1930 na 1940 wakaja wengine, wakulima maskini wa upande wa Asyut, wengi wao Wakristo wa Kanisa la Kikopti, nao wakafuga nguruwe. Hao huitwa kwa Kiarabu Zabbaleen, maana yake watu wa taka. Wale wa kwanza walikuwa wamekwisha kupatana na wenye nyumba, na ujira waliupokea wao. Hawa wa pili ndio waliopanda ngazi na kuteremka na tenga mgongoni, wala katika ujira ule hawakupata ila kidogo, pengine hawakupata kitu. Riziki yao ilikuwamo ndani ya tenga. Walihamishwa hapa na pale, hata karibu na mwaka 1970 wengi wakapelekwa chini ya mlima wa Mokattam, wakajenga huko.

Je, taka hugeukaje kuwa fedha? Mzigo uliochanganyika hauna mnunuzi. Mwonyeshe mwenye kiwanda karatasi iliyolowa mchuzi, imeshikana na vigae vya chupa, atakufukuza. Mpelekee karatasi kavu peke yake, ataipima akulipe. Basi wanaume na wavulana huenda kukusanya, na nyumbani akina mama na mabinti huketi chini wakachambua kwa mikono: karatasi huku, bati huku, chupa, matambara, mifupa, plastiki. Kila fungu lina bei yake. Kazi hii ina hatari, maana mara nyingi huwamo sindano za wagonjwa, nazo humchoma mchambuaji na kumwambukiza maradhi.

Tena bei hupanda kwa kila hatua. Plastiki hutengwa kwa namna na kwa rangi, ikaoshwa, ikakatwa vipande vidogo, ikayeyushwa ikawa punje, ndipo kiwanda huinunua. Auzaye chupa kama alivyoiokota hupata kidogo. Auzaye punje hupata zaidi. Kwa sababu hiyo wengi wa Mokattam walijitahidi kununua mashine zao wenyewe. Makombo ya chakula walipewa nguruwe, nguruwe wakauzwa, na samadi yao ikawa mbolea.

Mtawa mmoja, Sister Emmanuelle, aliyezaliwa Brussels mwaka 1908 na kufundisha shule miaka mingi, alikwenda kukaa kibandani kati ya watu hao mwaka 1971, akawasaidia kupata shule na matibabu. Miaka ya baadaye ilikuwako Mokattam shule ambayo wavulana walijifunza hesabu kwa chupa tupu za sabuni ya nywele. Wadanganyifu walikuwa wakizijaza chupa hizo sabuni ya uongo na kuziuza. Kwa hiyo kampuni iliyozitengeneza ilikuwa tayari kulipa ziharibiwe. Mvulana alizihesabu, akaandika idadi, akazikatakata, akalipwa. Mimi mwalimu nimeona wanafunzi wengi wakichoka na hesabu za vitabuni. Sidhani kama wale walichoka na za kwao.

Mwaka 2003 serikali ya mji ilizipa kampuni za kigeni kazi ya kuchukua taka. Kampuni hizo zilitakiwa zitengeneze upya sehemu 20 tu katika kila 100, hali Zabbaleen hukadiriwa kuwa walifikia 80. Wenye nyumba walitozwa ada pamoja na ada ya umeme, kisha wakaambiwa wateremshe taka wenyewe hadi mapipa ya njiani, na magari makubwa hayakuweza kuingia katika vichochoro. Zabbaleen wengine waliendelea kupanda ngazi kama zamani.

Pigo kubwa zaidi likaja mwaka 2009. Dunia iliogopa homa mpya iliyoitwa homa ya nguruwe, na serikali ya Misri ikaamuru nguruwe wote wachinjwe, wapata 300,000, ijapokuwa wataalamu wa afya wa dunia walisema kwamba jambo hilo halizuii homa hiyo, maana ilienea kwa watu kuambukizana. Wenye mali walilipwa kidogo. Watu wakaacha kuchukua makombo, kwa kuwa hawakuwa tena na mnyama wa kuwalisha, na chakula kikaoza katika mitaa ya Kairo. Baadaye wengine walianza kufuga tena, lakini wachache.