Muuguzi Aliyestaafu na Leseni Yake

Muuguzi wa zahanati zetu, viwandani Kampala au katika mashamba ya chai na miwa, naye hustaafu. Afikapo miaka 55 huweza kuchukua akiba yake ya NSSF, kisha wengi huitwa majumbani kutunza wazee kwa malipo. Hapo ndipo swali la leseni huzuka.

Muuguzi ana karatasi mbili. Ya kwanza yaonyesha kwamba ameandikishwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, lililowekwa kwa sheria ya 1996. Ya pili ni leseni ya kufanya kazi, nayo ina tarehe ya mwisho. Kustaafu hakuifuti leseni hiyo, wala hakuirefushi. Anayetaka kuendelea kuchoma sindano na kutoa dawa ni lazima aombe mpya, alipe ada, tena aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza. Mwajiri hayupo tena wa kumkumbusha.

Kumwogesha mzee na kumpikia uji ni kazi ya nyumbani, haihitaji leseni. Lakini kabla hujamkabidhi mtu mama yako mwenye kisukari, mwombe karatasi ile ya pili, usome tarehe.