Maji Kwanza, Asali Baadaye

Mtoto akimwagikiwa uji wa moto, nyumba nzima huhangaika kutafuta dawa. Mmoja hutaja asali, mwingine ute wa yai, mwingine dawa ya meno, unga wa ngano, mafuta ya kupikia au manyoya ya sungura. Kila anayeshauri anamtakia mtoto nafuu, na wakati huohuo maji yamo ndani ya ndoo, hatua chache kutoka jikoni, hakuna anayeyagusa. Ninavyoona, dakika 20 za maji baridi ya kawaida, yakimiminwa mapema juu ya jeraha, zinamfaa aliyeungua kuliko dawa yoyote iliyomo nyumbani. Tunazipoteza kwa sababu tunadhani kuungua kunakoma pale sufuria inapoondolewa.

Hakukomi. Mwaka 1953 daktari mpasuaji Douglas Jackson wa Birmingham, Uingereza, alieleza kwamba jeraha la moto lina maeneo matatu. Katikati kuna ngozi iliyokwisha kufa, na pembezoni kuna ngozi nyekundu ambayo itapona yenyewe. Baina ya hayo mawili kuna sehemu ambayo damu inapita kwa shida, na katika siku moja au mbili zinazofuata sehemu hiyo ama itapona ama itakufa na kulifanya jeraha liwe pana na la kina zaidi. Hiyo ndiyo ngozi ya kupigania, na silaha yake ni maji: huondoa joto lililobaki, hupunguza uvimbe na hutuliza maumivu. Utafiti uliofanywa Queensland, Australia, kwa watoto 2,495 walioungua, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba waliopozwa kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 walikuwa na uwezekano mdogo wa kuhitaji kupandikizwa ngozi, kwa takriban asilimia 40. Maji hayo huendelea kusaidia hata yakichelewa, mradi saa tatu hazijapita tangu kuungua. Kwa hiyo anayefika zahanati bila kumwagiwa maji anastahili kumwagiwa hapohapo.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba maji huleta malengelenge. Lengelenge huletwa na joto: tabaka la juu la ngozi huachana na la chini, na majimaji ya mwili hujaa katikati. Kwa kuwa huchukua muda kujitokeza, anayemwagiwa maji huonekana kana kwamba maji ndiyo yaliyolileta, ilhali lingetokea hata bila tone moja. Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni la asali. Wazee hawakukosea kuithamini, maana mapitio ya tafiti yameonyesha kuwa vidonda vya moto visivyo vya kina sana hupona mapema zaidi kwa asali kuliko kwa baadhi ya bandeji za kawaida. Lakini tafiti hizo zinahusu kufunga kidonda ambacho kimekwisha kupozwa na kusafishwa, na hazisemi lolote la kuifanya asali ichukue nafasi ya maji katika dakika za mwanzo. Mafuta, unga na dawa ya meno havina hata utetezi huo. Havipozi joto kama maji, huficha kina cha jeraha, huweza kuingiza vijidudu, na muuguzi hulazimika kuvikwangua juu ya nyama mbichi. Barafu nayo iachwe, kwa sababu huibana mishipa midogo ya damu na kuiumiza zaidi ile ngozi inayopiganiwa.

Lipo pingamizi jingine, na hili linatoka kwenye maisha yenyewe: maji ya bomba yako wapi? Katika nyumba nyingi maji hununuliwa kwa dumu, na kumwaga lita baada ya lita ni gharama. Lakini bomba si lazima. Beseni likiwekwa chini ya mkono au mguu ulioungua, maji huchotwa kwa jagi, humiminwa taratibu, yakaanguka beseni, kisha yakachotwa tena. Yakianza kuwa vuguvugu hubadilishwa. Ndoo moja inatosha kwa jeraha dogo. Kabla ya hapo, nguo, nepi, pete, bangili na shanga za kiunoni ziondolewe, maana hushika joto na baadaye hukaba mwili ukivimba. Nguo iliyogandamana na ngozi isivutwe, ikatwe pembeni yake. Mtoto mchanga apozwe palipoungua tu na sehemu nyingine zifunikwe, kwani hupatwa na baridi upesi. Dakika zikitimia, jeraha lifunikwe kwa nailoni safi au kitambaa safi, na malengelenge yasipasuliwe. Jeraha linalozidi kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake, ambacho ni kama asilimia moja ya mwili wake, lifikishwe hospitali. Vivyo hivyo jeraha la uso, mikono, miguu, viungio au sehemu za siri, la umeme au tindikali, na mtu yeyote aliyevuta moshi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi mno katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaosema haya yote ni uzembe wa akina mama wanaepa swali la jinsi jiko lilivyokaa. Jiko lililo sakafuni huweka sufuria inayochemka usawa wa mikono ya mtoto anayejifunza kutembea, na hakuna mama anayeweza kukodoa macho mchana kutwa. Maji ya nyuzi 60, ambayo hata hayajachemka, huhitaji sekunde tano tu kuunguza ngozi ya mtu mzima; ya mtoto ni nyembamba zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Tanzania mwezi Mei 2024 ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, unatetewa kwa ajili ya misitu na mapafu, na ni haki. Ila mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, ukiwekwa sakafuni, sufuria yake iko palepale mtoto anapofikia.

Wapo pia wanaosahaulika kabisa. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, makovu ya moto yalikuwa ya kawaida kwa wagonjwa hao, na hofu kwamba ugonjwa huambukiza kwa kuguswa iliwafanya watu wasite kumtoa motoni aliyeanguka. Kifafa hakiambukizi, aliyeangukia motoni avutwe mara moja, kisha amwagiwe maji kama mwingine yeyote. Mwenye kifafa apikiwe, au apewe jiko lililoinuliwa na lenye kinga pembeni.

Yote haya yanaweza kufundishwa siku ya kliniki, mama wanapoleta watoto kupimwa uzito na kuchanjwa, kwa ndoo, jagi na beseni vilivyopo hapohapo. Muuzaji wa gesi naye, anapomkabidhi mteja mtungi wake wa kwanza, amuulize atauweka wapi na kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa.