Sarafu Adimu na Wapenzi Wake: Sehemu ya Pili – Dola ya 1804 na Hidaya ya Sayyid Said

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi wajuzi wanavyozipima sarafu za kale: kwa uchache wake, kwa usalama wa sura zake, na kwa nasaba yake, yaani ithibati ya mikono iliyozimiliki tangu zilipopigwa. Leo twataka kuitumia mizani hiyo katika suali ambalo wakusanyaji wa Marekani wamelijadili kwa muda mrefu bila ya kuafikiana: katika sarafu mashuhuri za nchi yao, ni ipi inayostahiki kutangulizwa mbele ya nyingine zote, na kwa hoja gani?

Asiyeizoea elimu hii atadhani kuwa jawabu ni jepesi, kwamba iliyo chache kuliko zote ndiyo iliyo bora. Lakini sivyo. Iko sarafu ndogo ya fedha ya senti tano, iliyopigwa San Francisco mwaka 1870, ambayo hapana ya pili yake inayojulikana duniani; na juu ya upweke wake huo, bei yake haijapata kufikia bei ya sarafu ambazo wenzao wapo wanane au zaidi. Kinyume chake, dola za fedha za mwaka 1794, ambao ndio mwaka wa kwanza Marekani kupiga dola, zimebaki zaidi ya mia moja, na hata hivyo moja katika hizo iliuzwa mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 10, kwa sababu sura yake imehifadhika ajabu, na kwa sababu wako wajuzi wanaoamini kuwa huenda ndiyo dola ya kwanza kabisa kutoka mtamboni. Basi uchache ni sharti, lakini si sharti la pekee.

Tuitazame sasa dola ya 1804, ambayo kwa miaka mingi wakusanyaji wameiita mfalme wa sarafu za Marekani, na ambayo habari yake inatugusa sisi watu wa pwani kuliko wengi wetu tunavyojua. Tarehe 21 Septemba 1833 mjumbe wa Rais Andrew Jackson, aitwaye Edmund Roberts, alitia saini mjini Maskati mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, baada ya kufunga mkataba kama huo na Mfalme wa Siam mwezi wa Machi mwaka ule ule. Ilipofika zamu ya kurejea na mikataba iliyothibitishwa, ikaonekana kuwa si adabu kuwaendea wafalme mikono mitupu, na mwezi wa Novemba 1834 ikatoka amri kwamba, miongoni mwa hidaya watakazopelekewa, iwemo seti kamili ya sarafu za Marekani, za dhahabu, za fedha na za shaba.

Hapo ndipo lilipozuka tatizo. Kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilikuwa hakijapiga dola ya fedha kwa miaka thelathini, na seti isiyo na dola haiwezi kuitwa kamili. Maofisa wakafungua daftari zao, wakakuta imeandikwa kwamba mara ya mwisho zilipigwa dola 19,570 katika mwaka 1804; wakachonga kalibu mpya na kuitia tarehe hiyo. Kumbe dola zile za mwaka 1804 zilipigwa kwa kalibu za zamani, zenye tarehe ya 1803 na ya nyuma yake, kwa maana chuma cha pua kilikuwa ghali na kalibu ilitumika mpaka ilipovunjika. Ndivyo ilivyozaliwa sarafu yenye tarehe ya mwaka ambao haikupigwa, bila ya yeyote kukusudia hila.

Wazee wetu wasingelistaajabia jambo hilo, kwani reale waliyokuwa wakiihesabu wakati ule Unguja na Maskati, ile yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ilibeba tarehe ya 1780, mwaka aliokufa Malkia huyo, ingawa iliendelea kupigwa kwa miaka mingi baadaye. Tofauti ni kwamba reale zile zilipigwa kwa mamilioni zikaenea masokoni, na dola za tarehe ya 1804 zilizopigwa katika miaka ile ya hidaya zinazojulikana leo ni nane tu.

Roberts alisafiri kwa manowari iitwayo Peacock, ambayo ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira na ikalazimika kutupa mizinga baharini ili kujiokoa. Lakini hidaya ilifika, na mwezi wa Oktoba 1835 Sayyid Said akaipokea. Dola ambayo wajuzi huinasibisha na seti hiyo ndiyo iliyo safi kuliko zote nane. Mwaka 1917 ilinadiwa London ikitoka katika mkusanyo wa Mwingereza mmoja; mwaka 1999 ikauzwa Marekani kwa dola milioni 4.14, bei ambayo hapana sarafu iliyopata kuifikia kabla ya siku hiyo. Na mwaka 2021 ikauzwa tena kwa dola milioni 7.68. Nayo seti ya Mfalme wa Siam ilizuka London mwaka 1962, ingali katika kijaluba chake cha ngozi ya manjano, na kuwapo kwa dola ya 1804 ndani yake kukaimaliza hoja ya waliokuwa bado wanabishana juu ya asili ya sarafu hizi.

Mwenye kutaka kujua jinsi wakusanyaji wanavyopambanua ya asili na ya kuigwa, na autazame ukingo wa dola hiyo. Dola za zamani zimeandikwa ukingoni thamani yake kwa herufi zinazosomeka wazi. Hizi nane pia zimeandikwa, lakini herufi zake zimebonyea na kusagika, kwa sababu kipande kilichokwisha kuandikwa kilitiwa ndani ya pete ya chuma kabla ya kupigwa, na pete ikazibana herufi. Na pete hiyo haikuwako katika zama za dola za kwanza. Dosari hiyo, ambayo katika sarafu nyingine ingelikuwa aibu, hapa ni hati ya kuzaliwa.

Na haja ya hati ni kubwa. Baada ya wakusanyaji kuiona picha ya dola hii katika kitabu kilichotolewa mwaka 1842 na maofisa wa kiwanda wenyewe, tamaa iliwapanda, na kufikia mwaka 1858 wako watu wa ndani ya kiwanda waliopiga nyingine kwa siri ili wauze. Moja katika hizo, iliyopigwa juu ya sarafu ya Uswisi ya mwaka 1857, imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, na alama za chapa ya Kiswisi zingali zinaonekana chini ya chapa ya Marekani. Za namna hii ni adimu pia, hata hivyo wakusanyaji huzitanguliza zile nane, na bei hufuata mapenzi yao. Kalibu ya upande wenye tarehe ni ile ile, fedha ni ile ile. Kilichotofautiana ni nia.

Washindani wa dola hii ni wawili. Wa kwanza ni senti tano ya nikeli ya 1913, ambayo zimo tano tu, na ambayo habari yake ilianza kusikika mwezi wa Desemba 1919 pale Samuel Brown, aliyepata kufanya kazi katika kiwanda cha sarafu, alipotangaza kuwa atainunua kwa dola 500. Baadaye mfanyabiashara B. Max Mehl wa Texas akaitangaza nchi nzima, hata katika miaka ya dhiki ya uchumi watu wakawa wanapekua chenji zao kila jioni. Hii ni kipenzi cha umma. Wa pili ni dola ishirini ya dhahabu ya 1933, ambayo zilipigwa 445,500 na kisha kuyeyushwa pale serikali ilipoiondoa dhahabu katika mikono ya raia; moja tu, iliyopata kuwa katika hazina ya Mfalme Farouk wa Misri, ndiyo inayoruhusiwa kisheria kumilikiwa na mtu, na mwaka 2021 iliuzwa kwa takriban dola milioni 18.9. Kwa fedha iliyotolewa, hii ndiyo mshindi.

Lakini bei ya mnada ni hukumu ya siku moja. Mimi naitanguliza dola ya 1804, kwa sababu ya nikeli ilifanywa gizani na ya dhahabu imetukuzwa na katazo la sheria, hali ya kuwa ile ilipigwa kwa amri ya serikali, kwa ajili ya heshima baina ya watawala wawili, na kila hatua ya kuzaliwa kwake ina shahidi wake, ama wa karatasi, ama wa chuma. Katika mapenzi ya wakusanyaji, sifa hupanda na kushuka. Nasaba iliyothibitika haipungui.

Hilo ni funzo kwetu pia. Mwenye sarafu za wazee kisandukuni asizisugue kwa majivu wala kwa ndimu ili zing'are, kwani kuzisugua ni kuziharibu. Na aandike, maadamu wenye kujua wako hai, ni nani aliyemwachia, alizipata wapi na lini. Katika sehemu ya tatu, inshallah, tutaieleza riale ya Sayyid Barghash yenye tarehe ya 1299 Hijria.