Je, Wajua? Mwanamke pekee kati ya waasisi 11

Chama cha wasanifu mandhari wa Marekani kilipoanzishwa mwaka 1899, waasisi walikuwa 11. Mwanamke alikuwa mmoja tu: Beatrix Jones, aliyekuja kujulikana kama Beatrix Farrand baada ya kuolewa.

Katika Chuo Kikuu cha Princeton alipendelea mimea inayopendeza majira ya kuchipua na ya vuli, kwani kiangazi wanafunzi huwa likizo. Fikra makini kweli! Dumbarton Oaks, Washington, alikoanza kazi mwaka 1921, alisimamishiwa kwanza mifano ya ukubwa halisi, akaikagua palepale bustanini kabla ya ujenzi.

Mwaka 1955, hakuona atakayeitunza ipasavyo bustani yake mwenyewe, Reef Point, akaamua ivunjwe. Azalea zake zilihamishiwa Asticou, katika jimbo lilelile la Maine.